Geuka nyuma kwanza! Ninyi wa futingi ya Jumapili, acheni kututemea

Wandugu, uzi huu ni wa wote wa futingi, yaani wanaokimbia kwa makundi hapa Lubumbashi, wa Kasapa, wa Katuba, wa Kenya (mtaa wetu, si nchi), na hasa nyie mnaopenda kukaa mbele. Acheni kututemea mate. Acheni kutupengea kamasi. Anayekimbia nyuma yenu ana macho, na mdomo wake uko wazi kwa sababu anahema.

Hakuna anayewakataza kutema. Mwili ukikimbia lazima utoe vitu. Pua ina kazi ya kupasha moto na kulowesha hewa kabla haijafika mapafuni, na alfajiri za Juni na Julai hapa kwetu ni za baridi, hewa ni kavu, vumbi jekundu limejaa, na moshi wa majani yanayochomwa unaongezea. Ndiyo maana kamasi inachuruzika hata kwa mtu asiye na mafua. Mate nayo yanakuwa mazito kwa sababu unahema kwa mdomo. Sawa. Kosa ni kutupa hivyo vitu bila kuangalia nani yuko nyuma.

Tena msiseme «nilitema pembeni». Pigeni hesabu. Kundi linalokimbia kilomita moja kwa dakika tano linakwenda zaidi ya mita tatu kila sekunde. Mate yakitoka mdomoni, kimo cha mita moja na nusu, yanachukua kama nusu sekunde kufika chini. Hewa inayapunguza mwendo, lakini mwenzako aliye karibu nyuma yako hapunguzi. Anaweza kufika pale pale yakiwa bado hewani, usawa wa mapaja au magoti yake. Upepo ukiwa unatoka mbele, yanamfika kifuani. Ukitema juu kwa kuinua kidevu, kama wengi mnavyopenda kufanya, ni uso wake.

Basi fanyeni hivi, si kazi ngumu. Geuza shingo uangalie nyuma, bega la kushoto. Inua mkono wa kushoto ili wa nyuma wajue. Toka kwenye mstari, sogea mpaka ukingoni, punguza mwendo. Inamisha kichwa, peleka mdomo karibu na bega lako, tema chini kando ya mguu wako mwenyewe. Kwa kamasi, ziba tundu moja, penga lingine kwa nguvu ya wastani, kisha badilisha. Wanaopenga matundu yote mawili kwa mkupuo wanasukuma hewa na uchafu kuelekea masikioni, na kiangazi pua ikiwa imekauka mishipa yake midogo inapasuka, damu inatoka, kisha kundi zima linasimama kumsubiri mtu mmoja. Ukimaliza, subiri nafasi iwe wazi ndipo urudi.

Bora zaidi ni kitambaa. Chukua fulana ya pamba iliyochakaa, kata mraba wa sentimita 30 hivi, ukunje pembe kwa pembe, ufunge kwenye kifundo cha mkono. Kimoja kushoto cha pua, kimoja kulia cha jasho, usivichanganye. Iwe pamba, maana nguo ya poliesta hainyonyi kitu, inakwangua ngozi tu mpaka pua inakuwa nyekundu. Na anayesumbuliwa na vumbi asafishe pua nyumbani kabla ya kutoka: maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Asitumie maji ya kisima hivi hivi.

Halafu mkifika mwisho, mikono ile ile iliyopenga mnatunyooshea! Na wengine wanataka kusalimia kichwa kwa kichwa, kulia, kushoto, kulia, jasho likitiririka mpaka machoni mwa mwenzake. Kusalimia vichwa ni desturi yetu nzuri na hakuna anayeikataa. Jipanguse kwanza. Au gusa kifua chako kwa mkono, kila mtu ataelewa kwamba umesalimia.

Maji pia. Chupa moja inazunguka midomo kumi. Kama hakuna nyingine, imiminwe kinywani bila kugusa midomo, na asiyeweza kumimina alete yake. Vipakti vya maji mnavyong'ata pembe na kutupa mtaroni virudi mfukoni mwako, ni vyepesi, havitakuchelewesha.

Sasa lile ambalo wengi wanaona haya kulitaja. Kuta za malupango ya watu, yaani viwanja vya nyumba zao, si choo. Kundi likipita, wanaume watano wanabaki wamesimama ukutani, na baada ya saa moja mama anakuja kupanga mikate yake pale pale. Na kuna wanaoingia mtaroni kwa haja kubwa. Novemba mvua ikianza, yote yanateremka mpaka kwenye visima vifupi ambavyo familia nyingi za pembeni mwa mji zinachota maji. Kipindupindu kinapita njia hiyo hiyo. Hasira yangu kubwa iko hapa, maana jambo hili linazuilika tangu jioni ya jana yake.

Ukikimbia, damu inaondoka tumboni inakwenda miguuni, na utumbo unatikiswa kila hatua. Kilichobaki ndani kitadai kutoka kilomita ya tatu au ya nne. Kwa hiyo bukari (ugali) na maharagwe vya usiku sana, sombe (kisamvu) nyingi, kabeji, maziwa, hivyo viacheni kwa mchana. Kula mapema, chakula chepesi. Amka angalau masaa mawili kabla ya kuanza, kunywa chai au maji ya vuguvugu, kula kitu kidogo, kwa sababu tumbo likipokea kitu ndipo utumbo mkubwa unapoamka. Subiri, nenda chooni, ndipo uvae viatu. Maji ya kunywa, nusu lita yatosha, lakini masaa mawili kabla. Anayekunywa chupa nzima akiwa tayari kwenye mstari ndiye atakayesimama ukutani. Ukibanwa njiani, acha kukimbia, tembea, mwambie aliye wa mwisho kabisa, kisha piga hodi kwenye lupango uombe kwa adabu.

Viongozi wa makundi nao wasijifiche. Chagueni mahali pa kuanzia penye choo, elewaneni na mwenyewe, mlipe. Wekeni bidoni (dumu) ya maji ya lita 5 na sabuni. Kwa watu thelathini wanaonawa kwa kumiminiwa kidogo kidogo, inatosha.

Kuhusu harufu nitasema machache. Jasho jipya halinuki sana, vinavyonuka ni vijidudu vya kwapani vinavyolila. Poliesta inaishika harufu kuliko pamba, na jezi nyingi za salaula (mitumba) ni poliesta. Iloweke nusu saa, siki kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, kisha sabuni, kisha jua. Usiiache mfukoni mpaka Jumapili nyingine.

Na anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asije kukohoa katikati ya kundi. Kifua kikuu kinapita hewani kwa kikohozi, na sisi sote pale tunavuta hewa kwa nguvu. Aende kupima makohozi kwanza.

NYONGEZA: mmeuliza kwa nini kushoto. Hapa kwetu magari yanapita kulia, kwa hiyo tunakimbia kushoto tukiyatazama usoni. Mtaro uko kushoto. Anayetaka kupita wenzake anapitia kulia. Ukitema kulia unampata yeye, na ukisogea kulia bila kuangalia unaingia mbele ya taksibasi. Kundi likubaliane kabla ya kuanza: kupita ni kulia, kutema ni kushoto, na tusizidi wawili kwa mstari, ili anayetaka kutoka apate pa kutokea.