Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa: anachaguliwa na nchi 193 au na wale watano?

Mdadisi
Wadau, naombeni ufafanuzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unasema Katibu Mkuu anateuliwa na Baraza Kuu, ambako kila nchi kati ya 193 ina kura moja. Lakini uteuzi ukikaribia, habari zote ni za Baraza la Usalama, lenye wajumbe 15, na wanachama wake watano wa kudumu (Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China). Nani hasa anaamua? Na je, ni kweli mtu anaweza kupata kura 14 kati ya 15 akakosa kiti?

Ibara97
Ibara ya 97 isome mpaka mwisho, mkuu. Baraza Kuu linateua kwa pendekezo la Baraza la Usalama, na uzito wote uko kwenye hilo pendekezo. Lisipokuja, Baraza Kuu halina jina la kujadili. Kisha azimio namba 11 la 1946 likashauri kwamba ni vema liletwe jina moja tu na mjadala uepukwe. Tangu hapo Baraza Kuu hupokea jina moja, na halijawahi kulikataa.

Mlango wa kuingilia umefunguliwa kidogo kwa azimio 69/321 la 2015. Marais wa mabaraza yote mawili hutoa barua ya pamoja ya kualika majina. Kwa uteuzi wa safari hii barua ilitoka Novemba 2025, kwa kuwa muda wa Katibu Mkuu António Guterres unaisha 31 Desemba 2026. Mgombea lazima apendekezwe na nchi mwanachama, ingawa hakuna kanuni inayosema iwe nchi yake mwenyewe. Anawasilisha wasifu na maono yake, kisha anahojiwa hadharani na nchi wanachama. Mwaka 2016 walijitokeza 13, wanawake 7 na wanaume 6. Baada ya hapo milango inafungwa, kwa sababu kanuni ya 48 ya Baraza la Usalama inataka pendekezo lijadiliwe na kuamuliwa katika kikao cha faragha.

Kuhusu kura 14: ndiyo, imetokea. Mwaka 1996 Boutros Boutros-Ghali aliungwa mkono na wajumbe 14, Marekani ikapiga kura ya turufu, yaani "hapana" ya mwanachama wa kudumu ambayo peke yake inatosha kuzuia, akakosa muhula wa pili. Kofi Annan ndiye aliyechukua nafasi.

MezaYaDuara
Naongezea kuhusu kura za kupima upepo, ambazo Baraza la Usalama hupiga faraghani kuona nani anaungwa mkono kabla ya kupendekeza jina, maana watu wengi huzisoma vibaya. Si kura rasmi. Kwa kila mgombea, mjumbe anaweka alama sehemu moja kati ya tatu: namuunga mkono, simuungi mkono, sina maoni. Duru za mwanzo karatasi zote ni za rangi moja, kwa hiyo "hapana" mbili zinaweza kuwa za wajumbe kumi wanaochaguliwa kwa miaka miwili, wasio na turufu, au za wale watano wenyewe. Huwezi kujua. Ndipo hufika duru ya rangi, ambapo wanachama wa kudumu hupewa karatasi nyekundu.

Kwa hiyo usijumlishe tu. Mwenye 11 za kumuunga mkono na "hapana" moja nyekundu yuko nyuma ya mwenye 9 asiye na nyekundu hata moja. Tisa ndicho kiwango cha chini cha kupita, hata kama watano wote wako nawe.

Tazama 5 Oktoba 2016, duru ya sita: Guterres alipata 13 za kumuunga mkono, hakuna ya kumpinga, na 2 zisizo na maoni. Mojawapo ya hizo mbili ilitoka kwa mwanachama wa kudumu, na haikumdhuru, kwa sababu kutopiga upande wowote si turufu. Kesho yake Baraza likampendekeza rasmi.

Mdadisi
Shukrani sana. Sasa wakikwama je? Na zamu ya mabara ni sheria?

Ibara97
Zamu ya mabara ni desturi, haijaandikwa katika Mkataba. Ulaya Mashariki haijawahi kutoa Katibu Mkuu mpaka leo. Hata muhula wa miaka mitano haumo kwenye Mkataba, unatokana na azimio lile la 1946.

Kukwama kulikokuwa kuchungu zaidi ni kwa 1981. Kurt Waldheim alitaka muhula wa tatu, China ikamzuia duru baada ya duru. Salim Ahmed Salim wa Tanzania naye akazuiwa na Marekani. Wiki zikapita bila jina. Wote wawili wakakaa pembeni, na Olara Otunnu wa Uganda, aliyekuwa rais wa Baraza la Usalama mwezi Desemba, akatumia kura za kupima upepo kuona nani hana turufu dhidi yake. Akapatikana Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi sasa.

Njia nyingine ilijaribiwa 1950. Wasovieti walimzuia Trygve Lie, Katibu Mkuu wa kwanza, Baraza la Usalama likashindwa kutoa pendekezo, Baraza Kuu likamwongezea miaka mitatu kwa kura 46 dhidi ya 5. Kwenye karatasi ilikuwa ushindi. Kwa vitendo Wasovieti hawakumtambua tena, na Novemba 1952 akatangaza kujiuzulu. Binafsi naona ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kuirudia: Katibu Mkuu asiyezungumza na mmoja wa wale watano hawezi kusuluhisha chochote kinachomgusa huyo.

Mdadisi
Basi likifika Baraza Kuu linabaki nini la kufanya?

MezaYaDuara
Kisheria, kukubali au kukataa. Wingi wa kawaida unatosha, isipokuwa Baraza Kuu lenyewe liamue kutaka theluthi mbili. Kanuni yake ya 141 inaagiza kura ya siri katika kikao cha faragha. Lakini tarehe 13 Oktoba 2016 hakuna karatasi iliyogawiwa: azimio lilisomwa, ukumbi ukapiga makofi, likapita.