Makato ya nyongeza kwenye huduma za filamu: yanatoka wapi, na yanazimwaje?

Kisiju_Minnesota
Wadau mlioko Marekani, habari za jioni. Mtu kajiunga na huduma moja tu ya filamu, lakini taarifa ya kadi inaonyesha makato matatu kila mwezi. Tarehe ni tofauti, jina la kampuni ni lile lile, na kato moja lina senti zisizolingana na bei yoyote iliyotangazwa. Programu imefutwa kwenye televisheni na makato bado yanaingia. Mtu aanzie wapi kutafuta, na akishapata anazima vipi bila kupoteza huduma yenyewe?

mhasibu_Columbus
Mkuu, kufuta programu hakugusi malipo kabisa. Programu iko kwenye televisheni. Ruhusa ya kukata pesa iko kwenye akaunti, na itabaki huko hata televisheni yenyewe ukiiuza.

Hukutaja kampuni, lakini makato kadhaa yenye jina moja ni kawaida sana kwa Prime Video, huduma ya filamu ya Amazon, kwa sababu ndani yake zinauzwa chaneli za watu wengine: Starz, MGM+, Paramount+ na nyinginezo. Ada ya Prime, yaani uanachama wa Amazon, haizihusu. Kila chaneli ina ada yake na tarehe yake, inayohesabiwa tangu siku kitufe kilipobonyezwa, ndiyo maana makato hayaji siku moja. Nyingi huanza na majaribio ya bure, mara nyingi siku 7, kisha malipo yanaanza yenyewe. Halafu kuna nyongeza ya kuondoa matangazo: Prime Video ilianza kuweka matangazo Marekani tarehe 29 Januari 2024, na asiyeyataka akatakiwa kuongeza dola 2.99 kwa mwezi. Hilo nalo ni kato la peke yake.

Anza na kiasi, usianze na jina. Ingia amazon.com kwa kompyuta au kivinjari cha simu, fungua "Account", kisha "Your Payments", halafu sehemu ya "Transactions". Tafuta kiasi kile kile kilicho kwenye taarifa ya benki. Kisipoonekana, huenda kimekatwa kupitia akaunti nyingine ya nyumbani inayotumia kadi hiyo hiyo, na hapo ndipo wengi wanapokwama: wanakagua akaunti ya baba wakati chaneli iko kwenye akaunti ya mama.

Ukishaitambua, rudi "Account", ingia "Memberships & Subscriptions". Prime itakuwa mstari wake, na kila chaneli mstari wake. Sitisha chaneli tu, Prime haiguswi. Usiondoke kwenye ukurasa mpaka uone tarehe ya mwisho imeandikwa. Kabla ya hapo utapitishwa kurasa za kukubembeleza ubaki, na watu wengi hufunga ukurasa wa pili wakidhani wamemaliza. Baruapepe ya uthibitisho isipofika, hesabu kwamba hujasitisha.

Senti zisizolingana mara nyingi ni kodi. Baadhi ya majimbo na miji hutoza kodi huduma hizi. Chicago, kwa mfano, inatoza tangu 2015. Bei iliyotangazwa haina kodi ndani yake.

dada_wa_Tanga
Kaka hapo juu kaeleza vizuri. Naongeza jambo moja linalosumbua kuliko yote: angalia nani anakata pesa, si nani anaonyesha filamu. Paramount+ iliyonunuliwa ndani ya Amazon haizimwi kwenye tovuti ya Paramount+. Ukiwapigia, watakwambia hawaioni, na ni kweli hawaioni. Inawezekana kabisa kulipia chaneli moja mara mbili kwa njia mbili, na mifumo hiyo haijuani.

Kwenye taarifa ya benki, "apple.com/bill" maana yake ingia "Settings" ya iPhone, gusa jina lako, kisha "Subscriptions". Kwa Google ni Play Store, gusa picha yako, kisha sehemu ya malipo na usajili. Kwa Roku, kifaa cha kuonyesha filamu kwenye televisheni, ingia my.roku.com.

Kwa familia zinazotumia Apple kwa pamoja: alichonunua mtoto kinakatwa kwenye kadi ya msimamizi wa familia, lakini hakionekani kwenye orodha ya usajili ya msimamizi. Lazima uchukue simu ya mtoto uzime huko huko.

Netflix nayo ina la kwake. Nafasi ya mtu wa ziada asiyeishi nyumbani kwako ilianza Marekani Mei 2023 kwa dola 7.99. Ukimwondoa mtu, nafasi inabaki na unaendelea kuilipia ikiwa tupu. Nafasi yenyewe lazima uiondoe kwenye mpango wako.

Kisiju_Minnesota
Shukrani sana. Je, kuomba benki kadi mpya si njia ya mkato? Na pesa iliyokwisha kukatwa?

mhasibu_Columbus
Kadi mpya haisaidii. Visa na Mastercard zina huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya kadi inapobadilishwa, kwa hiyo makato yanaweza kuhamia nayo.

Pesa iombe kwanza kwa aliyekata, kwa maandishi ya gumzo, uhifadhi nakala. Kama chaneli haijatazamwa, litaje hilo mapema, ndiyo hoja yenye nguvu. Kwa Apple ni reportaproblem.apple.com. Wakikataa, nenda benki. Kwa kadi ya mkopo, sheria inakupa siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya kwanza yenye kosa hilo, basi usingoje miezi sita ijikusanye. Ila usikimbilie benki kabla ya kusitisha usajili, kwani kato la mwezi ujao litakuja tena na mgogoro utaanza upya.

fundi_king'amuzi
Kuzuia yasijirudie: weka namba ya siri ya ununuzi. Kwa Prime Video, namba hiyo iko kwenye mipangilio ya udhibiti wa wazazi, lakini kama una Fire TV, kifaa cha Amazon cha televisheni, iweke kwenye kifaa chenyewe pia, kwa sababu ile ya tovuti haifiki huko. Roku, ingia my.roku.com uchague namba ya siri idaiwe kwa kila ununuzi na kila chaneli inayoongezwa.

Majaribio ya bure, sitisha siku ile ile unapojiunga. Chaneli za Prime Video kwa kawaida utaendelea kuzitazama mpaka siku zako ziishe. Huduma ya Apple ya filamu ni tofauti: ukisitisha majaribio inakatika papo hapo, kwa hiyo hiyo weka kengele ya simu, na uizime angalau saa 24 kabla ya tarehe ya malipo.