Eti kompyuta "imebuni"? Basi nendeni mkailipe hiyo kompyuta

Wadau nimechoka, nisipoandika leo nitapasuka. Mimi nafanya dizaini Nasser Road hapa Kampala, mabango, kalenda, kadi za harusi, na siku hizi kastoma anaingia na simu mkononi ananionyesha picha, "bosi hii AI (akili bandia) imeshabuni, we rekebisha tu vidole uniprintie", halafu anataka nusu bei maana ubunifu eti umeshafanyika. Umefanywa na nani??

Wa juzi ndo kaniua kabisa. Kadi ya mwaliko wa kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwao, mama kwenye picha kavaa gomesi, gauni letu la heshima, mabega yamechongoka vizuri tu, ila mshipi umepanda mpaka chini ya kifua na vifungo vimeshuka katikati msururu mzima kama shati. Jamani gomesi ina vifungo viwili, kushoto karibu na shingo, na mshipi unafungwa chini kwenye nyonga, kadi ile ingefika kwa ssenga (shangazi) yeyote angecheka mpaka kesho. Namwambia, ananijibu "labda AI imeamua kuleta staili mpya". IMEAMUA!

Hebu tuelewane. Hizo programu za picha zinaanza na chenga tupu kama za TV isiyo na antena, zinaziondoa kidogo kidogo mpaka kitokee kitu kinachofanana na picha zilizolishwa, mamilioni kwa mamilioni, kazi za watu ambao wengi wao hawakuombwa ruhusa wala kuona hata shilingi. Za maandishi nazo zinapiga hesabu neno gani lifuate, zinarusha na kete kidogo zisije zikarudia yale yale. Sasa kete ndo mnaita hiari?

Najua vijana wa IT watakuja na AlphaGo, ile programu ya kucheza Go, mchezo wa ubao wa kokoto nyeusi na nyeupe. Sawa, 2016 kule Seoul ilimfunga bingwa wa Korea Lee Sedol 4 kwa 1, na hatua yake ya 37 mechi ya pili iliwaacha mabingwa midomo wazi, sibishi, ilikuwa kali. Lakini Go ina ubao wa mistari 19 kwa 19 na mwisho wa mchezo mshindi anajulikana, mashine inajua inachotafuta kwa sababu watu waliiambia kushinda ni nini. Kadi ya kwanjula nani anapiga filimbi kusema umeshinda? Ada Lovelace, mwanahisabati wa Uingereza, aliandika tangu 1843 kwamba mashine haina madai ya kuanzisha jambo lolote, inafanya kile tunachojua kuiagiza. Alan Turing, mmoja wa waasisi wa sayansi ya kompyuta, akamjibu 1950 kwamba mashine zinamshangaza mara kwa mara. Haya, ila kushangaza watu na kukusudia ni vitu viwili, mvua ya Kampala inanishangaza kila wiki na sijawahi kuisifia ubunifu.

Na wale wa "hata binadamu hana hiari, Libet, yule mtafiti wa ubongo, alionyesha miaka ya 80 kuwa ubongo unaanza kuandaa tendo kabla mwenyewe hujajua umeamua". Libet alikuwa anawaambia watu wakunje mkono wakati wowote wanaojisikia!! Mkono tu. Mimi nimewahi kukataa kazi ya mabango ya kumtukana mgombea na kodi ya chumba ilikuwa inanidai, nililala naigeuza kichwani usiku kucha. Hiyo AI ikikataa jambo, imekataa kwa sababu kampuni iliifundisha ikatae, wakibadilisha kesho itakubali na haitakosa usingizi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, wakati wa kulipa kompyuta ndo msanii, kadi ikichekwa ukumbini aliyeharibu ni mimi. Mbona hapo hamsemi AI iliamua? Hata sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 ikimtaja mtunzi inamtaja mtu, haitaji simu yako.

Sisemi haitakuja siku, huko mbele sikujui, na mimi mwenyewe naitumia kufuta mandharinyuma, inaokoa muda sana. Ila kuanzia wiki hii kurekebisha picha ya AI kwangu ni bei ile ile ya kuchora upya, na vifungo nahesabu mwenyewe. Wenzangu wa Nasser nyie mnatoza ngapi? Na mwenye kubisha aje na hoja, ila ya Kasparov, bingwa wa chesi aliyefungwa na kompyuta 1997, nimeshaisikia.