Je, yoga ya Yin na yoga ya kujipumzisha zinachanganyika?

Mwanakasarani: Hamjambo ndugu zangu. Nikishuka matatu ya Barabara ya Thika jioni, mgongo huwa umekaza kama ubao. Nimejifunza mikao michache ya Yin, yoga ya taratibu, na nimesikia kuhusu yoga ya kujipumzisha, ile ya kuegemea mito. Je, naweza kuziunganisha kabla ya kulala, na nianze na ipi?

Mama Wawili: Inawezekana, dada, ila zinatofautiana. Katika Yin, mkao hushikiliwa kwa dakika 3 hadi 5 hivi, nawe unahisi mvuto wa wastani nyongani na mgongoni. Katika ile nyingine, iliyochipuka kutokana na mafundisho ya mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar wa India, mwili hubebwa kabisa na mito, hata kwa dakika 10 au zaidi, wala hakuna mvuto unaotafutwa. Mimi hutangulia na mikao mitatu ya Yin, kisha hulala chali juu ya blanketi la Kimasai lililokunjwa kwa urefu, miguu ikiegemea ukuta na leso ikifunika macho. Mito ya bei ghali haina haja.

Mzee wa Mkeka: Naafiki. Hata hivyo, ukihisi ganzi au maumivu makali ya goti, toka kwenye mkao polepole, bila kusubiri dakika zitimie.

Mwanakasarani: Asanteni sana. Ukuta wangu ulio wazi uko kando ya mlango, kwa hiyo itabidi nifunge kwa ufunguo, watoto wasije wakanigonga kichwa.