Sinema za ndoto zinazochanganya: tupeane uzoefu wa kuzifumbua (Mulholland Drive)

Soweto, Mbeya: Wakuu, hii ya David Lynch ya 2001 ndiyo inaongoza kwa kuulizwa. Watu wanafika mwisho wanabaki wametoa macho. Mwenye njia yake aiweke hapa.

Uyole: Kwanza achana na kopi ya DJ anayetafsiri juu ya sauti. Hizi tunazowekewa kwenye flashi Mwanjelwa zinafaa kwa ngumi na risasi, hii zinaiua. DJ anamwita Naomi Watts "stelingi" mwanzo mwisho, kumbe sehemu ya kwanza ni Betty, ya pili ni Diane. Tena anaongea juu ya pumzi za mtu anayehema, kamera ikizama kwenye mto wa kulalia kabla ya majina. Usipozisikia hujui kuna mtu amelala.

Kihesa, Iringa: Nakazia. Kuanzia hapo mpaka kisanduku cha bluu kifunguliwe, karibu saa mbili, chukulia ni ndoto ya Diane. Baada ya hapo ni maisha yake, ila yamevurugwa mpangilio. Usifuate maneno, fuata vitu vya mezani. Jirani anakuja kuchukua kisahani chake cha majivu ya sigara chenye umbo la piano, anaondoka nacho. Baadaye kidogo kipo tena mezani na Camilla, mpenzi wake aliyemwacha, yuko kwenye kochi, kwa hiyo tumerudishwa nyuma. Sasa angalia meza ileile jirani alipoingia: ufunguo wa bluu upo. Muuaji aliyekodiwa na Diane amuue Camilla alimwambia akiuona ajue kazi imekwisha. Camilla ameshakufa, na anayemwona jikoni hayupo.

Tukuyu: Unafungua nini lakini?

Kihesa, Iringa: Diane naye aliuliza hivyohivyo, jamaa akacheka tu. Ruka hapo.

Makambako: Na si kila kitu kina fumbo jamani. Ilipigwa 1999 iwe kipande cha kwanza cha tamthilia ya ABC, televisheni ya Marekani, wakaikataa. Pesa za Ufaransa ndizo zilimwezesha Lynch kuongeza mwisho. Wale wapelelezi wa kwenye ajali ya gari ya mwanzo walikuwa wa vipande vijavyo, ndiyo maana huwaoni tena.

Uyole: Ila Club Silencio, ule ukumbi wa maonyesho ya usiku, usiitupe kapu hilo. Mwimbaji anaanguka, sauti inaendelea, ni rekodi. Betty analia, kisha kisanduku anakikuta mkobani. Ndoto inavunjikia pale.

Tukuyu: Haya, kama ni ndoto, Betty na mwenzake Rita walimkutaje maiti kitandani kwa Diane wakati hajajiua bado?

Kihesa, Iringa: Hapo ndipo pagumu, sikatai. Mimi nasema maiti ni Camilla: Diane anajua amekufa, hajauona mwili, akili imemlaza kwenye kitanda inachokijua.

Makambako: Aah, hapana. Simamisha picha Cowboy, yule jamaa wa kofia pana, anapofungua mlango wa chumba cha Diane na kumwambia aliyelala aamke. Aliyelala ni mzima, mara ni maiti iliyooza, halafu Diane anaamshwa na hodi. Anayeota alishakufa, na hata hiyo sehemu ya pili isiite maisha.

Kihesa, Iringa: Basi na ufunguo ulikuwa mezani kwa nani? Jibu hilo kwanza.