Naomba ushauri: maji ya kufulia niyatumie tena vipi?

Wadau, hamjambo. Nina biashara ya dobi hapa Kasarani, Nairobi, mashine tatu. Maji ya mfereji huja kwa mgao, siku nyingine nanunua ya boza, na faida inaishia hapo. Maji ya suuza ya mwisho tayari nayakinga kwenye tangi, nafulia mzigo unaofuata. Shida ni yale ya kwanza, yenye sabuni. Nimeyatia shabu, uchafu ukatuama, nikayapitisha kwenye pipa la mchanga na kokoto. Yalitoka maangavu, lakini ukitikisa chupa, povu! Siku ya tatu yakanuka, na mashuka meupe ya mteja yakageuka kijivu (nililipa). Je, makaa ya kuchujia yataondoa hiyo sabuni, au maji hayo yabaki ya kupigia deki tu?