Ushauri: Vyuma vya Beetle ya 1966 nivitume Nairobi vikachovywe kromu, au ninunue vipya?

Kobe wa Kibosho
Wakuu habari za jioni. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966 aliyoniachia marehemu baba mkubwa. Imelala chini ya mparachichi tangu nikiwa darasa la tano, kuku wametagia ndani mpaka wakachoka wenyewe. Mwaka jana niliivuta gereji hapa Moshi. Sakafu imekatwa na kuchomelewa upya, bodi imenyooshwa, rangi imepigwa ile ile ya bluu. Injini inawaka. Kilichobaki ndicho kinachoninyima usingizi: vitu vya kung'aa.

Nimevifungua vyote, nimevipanga sebuleni juu ya mkeka, mama watoto anaviruka akipita. Bampa mbili, vitasa viwili vya milango, mshikio wa boneti, ringi mbili za taa za mbele, wilikapu nne (vile vifuniko vya katikati ya tairi), na ile mikanda myembamba ya ubavuni. Kromu, lile tabaka la juu linalong'aa, imebanduka, kwingine kutu imetoa vipele, vitasa vina vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Hapa mjini sijampata anayechovya. Mmoja aliniambia atapiga "kromu ya kopo", yaani rangi ya kupuliza, nikamshukuru nikaondoka. Fundi wa Nairobi anasema nimtumie mzigo wote kwa basi, atachovya kila kitu kwa bei moja. Binamu yangu yupo Sharjah, Uarabuni, anasema nitume huko kwa ndege. Nifuate lipi? Na mpakani inakuwaje, nisije nikatozwa ushuru wa bampa za baba yangu mwenyewe?

Nikeli Mbili
Mkuu, simama hapo hapo. Usitume mzigo wote, na fundi anayesema atachovya kila kitu kwa bei moja bila hata kukuuliza ni madini gani, mwogope. Nimefanya kazi ya kuchovya Mombasa miaka tisa, najua vitu vinavyopotea vinapotelea wapi.

Chukua sumaku ya spika mbovu upitishe kwenye kila kipande. Kinachonasa ni chuma, hicho hakina shida. Kisichonasa na ni kizito mkononi, kama vitasa, ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Kisichonasa na ni chepesi ni alumini. Mikanda yako ya ubavuni ni alumini, haijawahi kuwa na kromu tangu itoke kiwandani Ujerumani. Ikiingia kwenye pipa la kostiki (dawa kali ya kusafishia chuma) pamoja na bampa, asubuhi unakuta mapovu na maji ya kijivu. Niliwahi kuona mikanda ya mteja ikiyeyuka hivyo kwa sababu kijana wa zamu alikuta kila kitu kwenye gunia moja. Mikanda hiyo isuguliwe tu kwa msasa laini wa maji, halafu polishi.

Mama IST
Sisi wa Toyota IST tunasoma kwa heshima zote 😂 Bampa ya plastiki haina habari na kostiki. Endeleeni.

Kobe wa Kibosho
Nimerudi na sumaku. Bampa, ringi za taa na wilikapu zinanasa. Vitasa na mshikio wa boneti hazinasi, na kweli ni vizito kuliko umbo lake. Mikanda ni myepesi kama ufito. Mkuu Nikeli Mbili umeniokoa, nilishaanza kuvifunga vyote kwenye kiroba kimoja.

Sasa hizo zinki zenye vishimo zinatibika?

Nikeli Mbili
Zinatibika ila zitakutoa jasho la pesa. Kile kishimo unachokiona juu ni mdomo tu, chini kimechimba pango. Fundi lazima akitoboe mpaka afike kwenye zinki safi, achovye shaba, ajaze, asugue, arudie shaba tena mpaka pawe tambarare. Ndipo ije nikeli, madini yanayolala chini ya kromu, na kromu yenyewe iwe ya mwisho. Watu wanadhani kromu ndiyo inayoficha makovu. Kromu ya urembo haifiki hata maikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwani kwako ni kama maikroni sabini hivi. Haifichi kitu, inaonyesha. Mng'ao wote unatoka kwenye nikeli na kwenye mkono wa aliyesugua chuma kabla hakijaingia kwenye pipa. Kwa hiyo ukiuliza bei, uliza kwanza nani anasugua na anasugua kwa muda gani.

Kama fundi ana pipa moja tu la tindikali la kubandulia kromu kuukuu, zinki usimpe kabisa. Itaondoka na kromu na zinki yenyewe.

Mzee wa Koromeo
Kijana, mimi nilimiliki ya 1963. Tena ndio wakati gari hizi zilikuwa na jina: Volkswagen ilichukua Safari Rally mwaka 1962, mitaani kila mwenye Beetle akajiona dereva. Nikupe la utu uzima. Bampa usinunue mpya. Za dukani zinapatikana, gari hii iliendelea kutengenezwa Mexico mpaka 2003 na spea zake bado zinafyatuliwa, lakini bati lake ni jepesi, ukigonga kwa kucha linalia kama debe. Za kwako gonga usikie. Hizo ndizo za kuchovya.

Wilikapu nunua mpya, zina bei rahisi na hazibebi chochote. Vitasa pia nunua.

Kobe wa Kibosho
Shikamoo mzee. Nimegonga, nimesikia. Tatizo ni kitasa cha dereva. Ufunguo wa baba mkubwa ninao, una kamba ya kiatu, na vitasa vipya vinakuja na funguo zake. Hicho kimoja nataka kibaki.

Mzee wa Koromeo
Marahaba. Basi hicho kimoja kilipie gharama zake.

Karani wa Mpaka
Suala la mpaka. Mimi shughuli zangu ziko Holili, upande wa pili ni Taveta. Kosa la watu wengi ni kumpa kondakta parseli ivuke kimya kimya. Kwenda hakuna anayekuuliza. Kurudi, ofisa anafungua boksi anaona bampa inang'aa kama kioo, atakuaminije kuwa ni ya 1966? Hapo inahesabiwa spea mpya kutoka nje.

Kabla mzigo haujavuka, wakala wa forodha aandike kwamba unatoka kwa muda kwa ajili ya matengenezo na utarudi. Ofisa auone ukiwa na kutu yake. Piga picha za kila kipande karibu na kadi ya gari, na alama utakazoweka nyuma zionekane. Ukirudi na karatasi hizo pamoja na risiti ya fundi, kinachotozwa ni kwa gharama ya kazi iliyofanyika, si thamani ya bampa nzima. Risiti muhimu, mafundi wetu hawaipendi lakini mwambie mapema.

Nikeli Mbili
Amesema alama. Usifunge karatasi wala utepe, vyote vinaishia kwenye tindikali. Chukua herufi za kugonga kwa nyundo, gonga upande wa ndani usioonekana, herufi mbili tu. Mimi nimeshuhudia bampa ya mtu ikienda kwa mwingine kwa sababu zote zilikuwa za aina moja na hakuna aliyeweka alama.

Pia usishawishike kuchovya bolti za tairi, najua atakuambia "tumalizie na hizi". Tindikali na umeme vinaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, kinakuwa kikavu kama biskuti. Bolti zinatakiwa kuokwa kwenye joto la karibu nyuzi 200 kwa saa kadhaa baada ya kuchovywa, na sijaona anayefanya hivyo. Inakatika barabarani.

Pwani Mpaka Sharjah
Nipo huku miaka sita. Kazi ni nzuri, sikatai, lakini bampa ya Beetle ina karibu mita moja na nusu. Kwenye ndege hawaangalii uzito peke yake, wanapima na nafasi, utalipia hewa iliyo ndani ya boksi. Kwa bampa mbili haina maana. Ila hicho kitasa kimoja chenye hadithi kinaingia mfukoni, mpe mtu anayekuja huku.

Nikeli Mbili
Hapo umesema. Na mkuu, kabla kitasa hakijaenda popote toa silinda ya ufunguo. Tindikali ikibaki ndani ya kufuli inakula taratibu, miezi mitatu baadaye ufunguo unagoma na kromu inaanza kutoa machozi ya kijani kwenye tundu.

Bampa zikirudi, paka rangi ya zinki upande wa ndani siku hiyo hiyo. Kromu haiingii vizuri kwenye mikunjo, kutu huanzia huko nyuma. Na usizifunge kwa gazeti, linashika unyevu. Kitambaa cha pamba kwanza, halafu plastiki ya mapovu, halafu kichanja cha mbao, bampa zisigusane.

Kobe wa Kibosho
Wakuu, mrejesho. Bampa na ringi za taa zinaenda Nairobi kwa fundi mwingine, huyu wa pili aliniuliza mwenyewe kama kuna zinki kabla sijafungua mdomo. Nimegonga K.K. ndani ya kila kipande. Wakala wa Holili ameshapewa picha. Wilikapu na kitasa cha abiria nimeagiza vipya, mshikio wa boneti bado naufikiria. Mikanda naisugua mwenyewe jioni, mtoto wa pili ananisaidia, mmoja umeshaanza kuonyesha uso.

Kitasa cha dereva kimenishinda. Silinda haitoki, ufunguo unaingia lakini hauzunguki.

Mzee wa Koromeo
Usitumie nguvu, hiyo zinki ni kuukuu itapasuka. Loweka kwenye dizeli siku tatu, uwe unautikisa ufunguo polepole asubuhi na jioni. Usipozunguka siku ya tatu, ongeza tatu.